Nyuma Yake Kwenye Mteremko

Mwenye duka la baiskeli alitaka fundi wake aijaribu baiskeli moja mpya kabla ya kuagiza nyingine: nyepesi, yenye springi fupi mbele na nyuma, ya kwenda mbio msituni. Fundi alipanda nayo kilima chote bila kushuka. Kwenye mteremko ikaruka mizizi na kukata kona kama inaijua njia.

Chini akafunga breki, akageuka kumsubiri dada yake, kama zamani walipoendesha pamoja. Vumbi likatua polepole kwenye njia tupu. Tangu dada avunjike mguu, nyumbani baiskeli hazitajwi.

Akatoa simu, vidole vikiwa bado na ganzi ya usukani.

“Dada, mguu bado unauma?”

“Ulishapona kitambo, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja uniite tu.”