Nyota Mbili Katika Kioo Kimoja

"Sebahire, ulitikisa mashini! Angalia hii mistari, iko kama moshi!"

Profesa alikuwa amekwisha kufungua kitabu changu cha kazi na kushika kalamu. Angeandika "mzembe", hakuna ambaye angeniajiri tena katika Masisi yote. Ilikuwa mwaka 1954, kilimani Nyamitaba, tulikopiga picha za nyota zenye moto mkali kwa mashini ya darubini. Kila nyota iliacha kwenye kioo cha picha utepe wa mwanga uliokatwa na mistari.

Nilikishika kioo kwa kingo, maji ya kukisafishia yakinichuruzika hadi kiwiko, nikakiinua dirishani. Chini ya utepe ule wenye ukungu palikuwa na utepe wa nyota nyingine. Mistari yake ilikuwa myembamba kama uzi.

"Bwana, hizi nyota mbili tulizipiga mara moja. Kama mukono yangu njo ilitikisa, mbona hii ya chini iko safi?"

Akakichukua kioo, akakitazama kwa lenzi.

"Basi ukungu ni ya nyota yenyewe," akasema polepole, akafunika kalamu. "Leta kioo ya jana, tuone kama nayo iko na ukungu. Kimbia!"

Sikukimbia. Nilikausha mikono kwanza, kama fundi anavyofanya.