Fimbo ya Mkwe

Korongo lilikuwa jembamba, viwiko vya Milembe vikikwaruza mawe huku na huku, na maji ya mto yalimfika kiunoni. Mbele yake mume wa binti yake alishika ncha moja ya fimbo, yeye akashika nyingine. Kwa mila zao, mkwe hamgusi mama mkwe. Miaka sita hawajawahi hata kupeana mkono.

Lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na huko Igoma binti alikuwa amejifungua jana.

"Mama, hapa panateleza," mkwe alisema bila kugeuka.

Mguu ulikuwa umeshateleza. Fimbo ikavunjika, maji yakamfunika Milembe hadi utosini. Ndipo kiganja kipana, cha moto, chenye sugu za jembe, kikamkamata mkono na kumvuta juu.

Mkwe alimwachia upesi kama aliyeungua. "Nisamehe, mama."

Milembe alijifuta maji usoni. Vipande vya fimbo vilikuwa vinakwenda na maji, na mto bado ulikuwa mrefu.

Akanyoosha mkono.

"Shika, baba. Twende tukamwone mtoto."