Ukungu Kando ya Behewa

Mzee Mbaraka alizoea kusafisha picha za kale za reli kwenye kompyuta yake, akifuta madoa, kisha akiwatumia wapenzi wenzake wa treni katika kundi lao la mtandaoni. Asubuhi moja alituma picha ya garimoshi likiondoka stesheni. Akajibiwa na Sikitu, mwanamke asiyemjua.

"Shikamoo, mzee. Picha hiyo tulikuwa nayo ukutani kabla nyumba haijaungua. Kando ya behewa la mwisho palikuwa na ukungu. Umeupeleka wapi?"

"Marahaba. Lilikuwa doa tu, mama, nikalifuta."

"Yule ni baba. Alikuwa analikimbilia garimoshi, ndiyo maana hakutoka vizuri. Hatuna picha yake nyingine."

Mbaraka akaifungua picha ya awali, akaikuza. Ukungu ulikuwa na mguu mmoja hewani na mkono ulionyooshwa, bado kidogo tu ushike mlango.