Miche ya Madamu Docus

"Ng'oa tena! Ng'oa mbele ya watu, tukuone!"

Rosalba hakuacha. Alishika mche mwingine kwa mikono miwili, akauvuta na mizizi yake, akautupa kwenye mafunjo. Nyuma yake pengo kwenye mstari wa miche lilikuwa limeshakuwa kubwa. Safinah, simu mkononi, alikuwa akimrekodi huku akimfokea.

Asubuhi hiyo klabu ya matembezi ya Bukoto ilikuwa imeteremka tena ziwani, nyuma ya Ggaba. Mnawajua watu hao. Viatu vya bei mbaya, kofia, chupa za maji zenye mrija, yote hayo ili kukanyaga njia ambayo wauza samaki huipita kwa ndala kila siku bila kumtangazia mtu. Akitokea mdiria, wote wanasimama kupiga picha, na picha inatoka tawi tupu.

Lakini Safinah alikuwa na lake. Mama yake, Bushira, alikuwa amepooza upande mmoja, na daktari alisema atembezwe. Kwingine kote ufukweni ni hoteli, geti, na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Hapa tu ndipo mtu angeweza kushuka bure, akavua viatu na kutia miguu majini. Bushira akifika hapa alicheka kama zamani, kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo uliposikika uvumi kwamba kuna tajiri anapanyemelea, Safinah alilia waziwazi, mbele ya klabu nzima.

Madamu Docus, mwenyekiti wa klabu na mwenye duka la jumla Kikuubo, ndiye aliyeleta dawa. "Tupande miti," alisema. "Nani atathubutu kugusa mahali tulipopanda kwa mikono yetu?" Akaleta miche pikapu nzima, yote ya aina moja, yenye majani marefu membamba. Akavuta kamba ya waashi toka barabarani hadi majini ili watu wasipande ovyoovyo. Akamwalika mwenyekiti wa mtaa, akawaalika na majirani, wote wakanyweshwa soda. Watu wakapanda, wakaimba, wakapigwa picha moja kubwa. Safinah alikaa mbele kabisa, matope hadi magotini, meno yote nje.

Na sasa kizee hiki! Mjane wa polisi, mkulima wa magimbi kando ya njia, eti naye ana la kusema.

"Wewe mama, miti imekukosea nini?" Safinah alifoka.

Rosalba alijipangusa mikono kwenye leso. "Nyinyi watu ya Bukoto," alisema, "mumewahi kuona msitu inasimama mstari kama polisi kwenye gwaride?"

Wakacheka. Taban, fundi wa simu, mcheshi wa klabu, akainua magoti, kushoto, kulia, akampigia saluti. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Muulize watu ya hapa huu mti ni ya nini," Rosalba akasema.

"Mti ni mti!" Safinah alimkata. "Wewe kinachokuuma ni magimbi yako. Umeona nafasi, unataka shamba liongezeke. Watu kama nyinyi ndio mnaoimaliza nchi hii."

Rosalba alimtazama toka kofia hadi viatu. "Umesoma, binti yangu. Lakini umesoma bure." Akatema mate kando, akainama kushika mche mwingine.

Mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Hakuuliza mengi. Jembe la Rosalba likachukuliwa, magimbi yake yakafyekwa, na akaambiwa akionekana pale tena atalala selo. Akaondoka mikono mitupu. Klabu ikampigia makofi ya kumzomea mpaka akapotea kwenye kona.

Safinah akabaki nyuma. Aliingia kwenye mafunjo, akaokota miche yote iliyotupwa, akairudisha mmoja mmoja kwenye mashimo yake na kuimwagilia maji ya chupa yake mwenyewe. Madamu Docus alimkumbatia kwa nguvu. "Bila wewe, dada," alisema, "kazi yote ingekuwa bure."

Mvua zikaja. Madamu akasema klabu ibadilishe njia kwa muda, miche ishike bila kukanyagwa. Wakatii, wakawa wanazunguka mitaa ya Kololo na kupiga picha maua ya watu.

Mvua zilipokatika, Safinah hakuweza kuingoja klabu. Alimchukua mama yake, wakateremka wawili tu. Walipokaribia, Bushira aliegemea bega la bintiye akaanza kuvua viatu. Hakuwa na subira hata kidogo, siku zote alivua mapema.

Mbele yao palikuwa na ukuta. Ulianzia barabarani ukaenda moja kwa moja hadi majini, na miche ilisimama chini yake yote, imeshika vizuri, haukosekani hata mmoja. Katikati palikuwa na geti jeusi la nondo, na mlinzi.

"Geti la nani hili?" Safinah aliuliza.

"Ya Madamu Docus."

"Hapa ni pa watu wote! Nani amempa?"

Mlinzi alimshangaa. "Dada, huku hii miti ndiyo alama ya mpaka ya shamba ya mtu. Ilipandwa mchana. Mwenyekiti ya mtaa aliona, majirani waliona. Picha iko."

Bushira alikuwa amesimama peku, viatu mkononi, akingoja kupelekwa majini.

Mlinzi akasogea, akamchungulia Safinah usoni, kisha akatabasamu. "Banange, si ni wewe! Wewe ndiyo ulirudisha ile miti yule mwanamke aling'oa." Akaingia kibandani, akatoka na chupa ya maji baridi, akaipitisha katikati ya nondo.

"Madamu alisema siku ukikuja, nikupe maji ya kunywa, na nikuambie asante sana."