Mwizi wa Manyoya

Manyoya yalikuwa kwenye pipa la taka, chini ya majani ya chai, yamekatwa sawasawa kama kazi ya kinyozi. Daktari wa mifugo aliyahesabu: kumi na manne, yote ya mabawa. Damu ilimchemka.

Alikuwa na wiki tatu tu kazini, bado yuko kwenye majaribio, na tayari alishawapenda wale ndege kama watoto wa kuzaa. Walikuwa kumi na mmoja, wa mwisho wa aina yao duniani, wanene, wenye madaha. Waliishi kwenye banda lililofunikwa wavu mpaka juu, kuwakinga na mwewe, ndivyo alivyoambiwa. Kanuni ya kituo hicho cha hifadhi ilimtaka awatibu kwa kuwatazama tu, asiwashike, wasije wakashtuka. Getini palikuwa na bango: TUWALINDE WASIOWEZA KURUKA. Picha ya Mkurugenzi kwenye bango hilo ilikuwa kubwa kuliko ya ndege.

"Mzee Pumba," alimwita mlishaji, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ndoo yake ya pumba. "Nani anawakata ndege manyoya?"

Mzee aliendelea kukoroga. "Mwanangu, wewe bado mgeni. Chunga kibarua chako."

"Kibarua changu si ndio hawa ndege?"

"Sote tunakula kwa hawa ndege," alijibu mzee, akainama tena kwenye ndoo.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Daktari akafungua daftari la zamu. Aliyemtangulia alikuwa akiandika tarehe kila alipokuta manyoya yaliyokatwa, mpaka alipohamishwa ghafla bila kuaga. Daktari akazilinganisha tarehe hizo na kitabu cha wageni. Kila mara manyoya yalikatwa siku moja kabla ya wafadhili kuja. Kumbe mwizi ana wateja! Anawauzia wageni wenyewe, na pipani ameyaficha tu mpaka wafike!

Na wafadhili walikuwa wanakuja kesho. Walishasema wazi kwamba wakisikia ndege hata mmoja ameguswa, wanajitoa na kituo kinafungwa. Ndege wangekwenda wapi? Kwenye masufuria ya watu.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake taratibu.

"Umefanya vizuri sana kuniletea mimi, na mimi peke yangu. Sasa nenda nyumbani mapema, binti yangu, ukapumzike. Hili niachie."

Alisema kwa upole hata daktari akaona aibu kwamba aliwahi kumdhania mtu wa majivuno.

Alifika getini, miguu ikagoma. Mwizi lazima angerudi leo kuwamalizia waliobaki. Na Mkurugenzi wa watu, mtu mzima mwenye kisukari, amkabili peke yake? Akachukua ufagio wa mlinzi, akaushika kama rungu, akarudi mbio.

Banda lilikuwa tupu. Hakuna hata ndege mmoja.

Machozi yakamlenga. Amechelewa! Ndipo aliposikia purukushani kwenye ukumbi wa mikutano. Kiti kikaanguka, glasi ikavunjika, kisha Mkurugenzi akapiga yowe. Daktari hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, ufagio juu.

Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya meza bila viatu, jasho linamtiririka, mkasi mkononi. Chini yake karani wa kituo na Mzee Pumba walikuwa wamelitandaza pazia, kila mmoja ameshika ncha zake, macho yao darini.

"Funga mlango, daktari, haraka!" alifoka Mkurugenzi. "Tisa tumeshawakata. Bado wale wawili juu ya feni!"