Mahindi ya Dawa

Mvua waliyoikosa tangu Novemba ilimkuta Nyamizi shambani, katikati ya mahindi yaliyokwisha kukauka. Mumewe alishalisusa shamba hilo, akaenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo.

Akatupa jembe, akakimbilia nyumbani kuchukua mbegu alizobakiza, zile za dukani zilizopakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu. Angepanda upya leo hii, udongo ukiwa bado mbichi.

Mlangoni akasimama. Doa jekundu ambalo halikuwepo asubuhi lilikuwa limelowa pale chini, linatiririka pamoja na mvua.

"Mama, mbegu zangu ziko wapi?"

Mama mkwe wake alikuwa jikoni, anasugua sufuria.

"Nimeziosha mpaka maji yakatakata, mwanangu. Nikazichemsha. Wajukuu zangu walikuwa wanalia njaa tangu jana, ningefanyaje?"

Nyamizi alitazama vidole vya yule mama. Vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha.

"Watoto wako wapi?"

"Wameshiba, wamelala."

"Saa hizi?"

Mvua ikazidi kupiga juu ya bati, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka kuichezea.