Ngamia wa Sehemu ya Pili

Batula ndiye aliyeitukana tamthilia ile kuliko wote, na sasa ndiye aliyekuwa akiomba itazamwe tena.

Wiki iliyopita mtaa mzima wa Bulapesa uliingojea kwa hamu, kwa sababu ilipigwa picha huku huku Isiolo. Loo, aibu iliyoje! Mchungaji alivaa viatu vya mjini vinavyong'aa. Mwigizaji wa kike alichuchumaa kumkamua ngamia kama anayekamua mbuzi, wakati kila mtoto wa huku anajua ngamia hukamuliwa mtu akiwa wima. Majirani walicheka, wakasonya, wakajiendea zao kabla haijaisha. Waqo, mwanawe Batula, akaizima.

Lakini kabla kioo hakijawa cheusi, nyuma ya yule mwigizaji alipita ngamia jike mweupe, sikio la kushoto limechanwa. Batula alimtambua. Hakumwambia mtu.

Adi, ngamia wake, alipotea malishoni Gotu wakati wa kiangazi. Alifiwa na mamake angali ndama, na Batula akamlea kwa mikono yake, akimwita kwa namna aliyoitunga mwenyewe: ulimi ugongwe mara tatu, kisha jina livutwe mpaka pumzi iishe. Bila mwito huo Adi hainuki, hata umchape mpaka mkono uchoke.

Basi mwizi alimwinuaje? Swali hilo ndilo lililompeleka Ekuam rumande. Ekuam alikuwa Mturkana aliyewachungia ngamia kwa miaka mingi, akila sahani moja na Waqo, na mwito ule aliusikia kila asubuhi.

"Nani mwingine anaujua, Ayo?" Waqo, aliporudi kutoka Merti, alikosema alikuwa na shughuli zake siku Adi alipopotea, alimuuliza mamake. Batula hakumjua mwingine ila Ekuam. Wakaenda kwa polisi pamoja.

Kesho Batula alitakiwa mahakamani, ashike Msahafu, aseme ni Ekuam. Usingizi ulikuwa umempaa. Aliogopa kumfunga mtu asiye na hatia, tena kwa kiapo, na aliogopa vilevile kumwachilia mwizi kwa huruma tu. Kama Adi angeonekana tena kwenye ile tamthilia ya ovyo, pengine angeonekana na mtu aliyempeleka huko.

Baada ya Magharibi, Aule, mkewe Ekuam, alibisha mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Habari ya jioni, Mama Waqo. Umeniitia nini? Mimi maneno imeisha."

"Keti, Aule. Kuna kipindi nataka tuone pamoja."

Waqo aliguna. "Ayo, hata wewe? Si ulisema hii kitu ni bure? Wacha tuweke mpira."

"Kuna kitu huanza vibaya, halafu kinakuja kutengenea. Tuipe nafasi nyingine."

"Na tokeni za stima zimebaki kidogo."

"Nilinunua zingine asubuhi."

Waqo akacheka, akaketi kando ya mamake, rimoti mkononi. Batula alishukuru kuwa naye karibu. Kama ukweli ungekuwa mchungu, angalau angekuwa na bega la kuegemea.

Sehemu ya pili ilianza vibaya kuliko ya kwanza. Viatu vilikuwa vile vile, na mapenzi yale yale ya kulialia. Aule alitazama sakafu tu, maana hakujua kwa nini ameitwa kuonyeshwa upuzi siku moja kabla ya kesi ya mumewe. Batula naye alianza kujiona mjinga.

Kisha Adi akatokea. Alikuwa amepiga magoti mchangani, mweupe vile vile, na sikio lake limechanwa vile vile.

"Huyo si Adi?" Aule aliinua kichwa.

"Nyamaza kwanza," Batula alisema, akimshika mkono.

Mwigizaji alivuta kamba. Adi aliendelea kucheua. Mwigizaji akavuta tena, akambembeleza, akamsukuma kwa nyuma kama gari lililokwama, na bado Adi akamtazama tu. Batula alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Ndani yake aliomba asisikie chochote.

Hapo, kutoka mahali ambapo kamera haikufika, mtu aligonga ulimi mara tatu, akalivuta jina mpaka pumzi ikaisha. Wenye tamthilia labda walidhani ni kelele za kawaida za malishoni, wakaziacha.

Adi akainuka.

Aule alisimama ghafla, viganja vyake mdomoni. "Hiyo si sauti ya Ekuam!" alisema. "Mama Waqo, umeskia? Hiyo si Ekuam!"

Batula aliendelea kukikodolea kioo macho.

"Ayo," ikasema sauti ile ile iliyomwinua Adi, ubavuni pake, "hii kitu ni bure. Wacha niizime."